Masomo Yakutanapo Shambani
Faida za kuunganisha masomo ya shule, na taabu zake

Katika shule nyingi za Kenya kengele hulia kila baada ya dakika 35 au 40. Iliapo, mtoto hufunga kitabu cha hesabu akafungua cha sayansi. Ikilia tena, hufunga hicho pia akafungua cha jiografia. Kila kitabu kina daftari lake, mwalimu wake na mtihani wake. Si ajabu basi mtoto akidhani kwamba maarifa yenyewe yamegawanyika vivyo hivyo, kama maduka ya mtaa mmoja ambayo kila moja lina mlango wake na kufuli yake, na mwenye duka hili hana habari ya kile kiuzwacho katika duka lile. Jioni baba yake humwuliza, "Shamba letu ni ekari mbili na nusu. Je, litahitaji mifuko mingapi ya mbolea?" Mtoto hunyamaza, ijapokuwa asubuhi ya siku ile ile alipata alama zote katika zoezi la kuzidisha desimali.

Kimya hicho ndicho kilichowafanya waalimu wa nchi nyingi, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja sasa, kuijaribu njia nyingine, yaani kuyafundisha masomo kwa namna ya kuyakutanisha. Haina maana ya kufuta hesabu wala kuchanganya kila kitu katika chungu kimoja. Maana yake ni kuchagua jambo moja ambalo mtoto anaweza kuliona na kulishika, kisha kulitazama kwa macho ya masomo mengi kwa zamu. Kusema hivyo ni rahisi. Kutenda ni habari nyingine, na historia ya Kenya ina ushahidi wa pande zote mbili.

MISTARI ISHIRINI YA MAHINDI

Chukua mfano wa shamba dogo la shule, lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Watoto wanataka kupanda mahindi, mistari ikiachana sentimita 75, na mashimo katika kila mstari yakiachana sentimita 30. Mwalimu wa hesabu anawauliza wakiwa bado darasani: mashina mangapi yataingia? Shina moja linachukua mita 0.75 kwa 0.30, yaani mita za mraba 0.225. Shamba zima ni mita za mraba 300. Gawanya, na jibu ni 1,333 na theluthi moja.

Sasa watoke nje na kamba na vigingi. Upana wa mita 15 unatoa mistari 20 barabara, ikiwa nusu ya nafasi imeachwa pembeni kila upande. Lakini katika kila mstari wa mita 20 yanaingia mashimo 66 tu, na sentimita 20 zinabaki mwishoni bila kazi. Mistari 20 mara mashimo 66 ni 1,320. Mashina 13 na theluthi yamekwenda wapi? Hapo ndipo darasa zima linapoanza kubishana, na ubishi wa namna hiyo ni wa thamani kubwa. Kabla ya muda mrefu mtoto mmoja atagundua kwamba zile sentimita 20 zilizobaki, ukizikusanya katika mistari yote 20, ni mita 4, na mita 4 zinatosha mashimo 13 na theluthi moja. Kitabu hakikukosea wala shamba halikukosea, bali shamba halikubali theluthi ya shina. Na yule aliyeanza mstari wake wa kwanza juu ya mpaka wenyewe atajikuta ana mistari 21, naye atajifunza kwa macho yake kwa nini nguzo za ua huzidi nafasi zilizo katikati yake kwa moja. Hayo waalimu wengi wameyaeleza ubaoni mara kumi bila kueleweka.

Baada ya siku chache mbegu zinaota. Zikiota 1,188 kati ya 1,320, hiyo ni asilimia 90, na mtoto ameijua asilimia kwa kuhesabu miche, si kwa kukariri kanuni. Kati ya mistari darasa limepanda maharagwe. Mwalimu wa sayansi anang'oa shina moja kwa uangalifu, analiosha udongo, na kuwaonyesha vifundo vidogo vilivyoko mizizini. Kifundo kikikatwa na ndani kikaonekana chekundu-chekundu, ni dalili kwamba bakteria waishio humo wanafanya kazi yao ya kuchukua nitrojeni kutoka hewani na kuufaidisha mmea. Mzee yeyote wa kijiji ajua kwamba kunde na maharagwe huifaa ardhi. Mtoto sasa anaijua sababu.

Kisha mvua. Kipimo cha mvua si lazima kinunuliwe Nairobi. Kopo lenye ubavu uliosimama wima, likiwekwa mahali pa wazi mbali na miti, pamoja na rula yenye milimita, litatosha kwa kazi ya shule. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 25 ikinyesha usiku mmoja juu ya shamba lile dogo, Mungu amelimwagia lita 7,500. Watoto wanaotumwa mtoni na mitungi ya lita 20 wataifahamu hesabu hiyo upesi kuliko mtu yeyote: ni safari 375. Mvua ile ile juu ya paa la darasa linalofunika mita 10 kwa 6 ni lita 1,500, kasoro zile zinazorukia nje au kupotea katika mabomba mabovu. Na hapo swali la kujenga tangi limekwisha kuwa swali la hesabu, la afya na la fedha kwa wakati mmoja.

Mwalimu wa historia naye asidhani hana nafasi. Mahindi hayakuwa chakula cha mababu wa Afrika ya Mashariki tangu hapo. Mmea huu ulilimwa kwanza Meksiko, ukavuka bahari baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492, na ukaingia pwani yetu kwa vyombo vya Wareno na wafanya biashara wengine wa baharini. Jina lenyewe, mahindi, linaelekeza Bara Hindi, mahali ambapo mmea haukuzaliwa. Hilo ni somo la lugha. Kabla yake watu wa bara walikula mtama, wimbi na mawele, nafaka ambazo hata leo hustahimili jua zaidi. Katika miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa aina mpya za mbegu, Kitale Synthetic II mwaka 1961, na mahindi chotara ya namba 611 mwaka 1964, na wakulima wadogo wakayapokea kwa haraka ambayo imeandikwa katika vitabu vingi vya kilimo duniani. Habari yote hiyo inaning'inia juu ya gunzi moja.

SHULE YA KABETE

Wazo hili si geni katika Kenya. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Bwana Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwa Dr. J. E. K. Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo Ghana siku hizi. Tume iliona kwamba mafundisho mengi yalikuwa ya kusoma na kukariri, yasiyogusa maisha ya kijiji, ikashauri kwamba masomo yote yashikamane na afya, matumizi ya ardhi, nyumba na michezo ya watu.

Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, mkuu wake wa kwanza akiwa Bwana J. W. C. Dougall, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Jina lake lilitokana na Bibi Anna T. Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule ndogo za mashambani za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mwalimu wa kwanza wa namna hiyo huko Marekani, Bibi Virginia Randolph, alianza kazi katika jimbo la Virginia mwaka 1908, akizungukia shule na kuunganisha masomo ya kitabu na kazi za nyumbani na bustani.

Kabete ilifuata mfano huo. Mwalimu hakuja peke yake. Alikuja na mke wake, na mke pia alifundishwa. Walipomaliza, mwalimu alirudi kwao kuzitembelea shule za vijijini, akiwaonyesha waalimu wengine jinsi hesabu inavyoweza kutoka katika ujenzi wa nyumba, na usafi unavyoweza kutoka katika uchimbaji wa choo. Si jambo dogo. Mtu aliyetumwa kuwasaidia waalimu wa vijijini alikuwa Mwafrika mwenzao, si mkaguzi mwenye daftari la makosa tu.

Lakini wazazi wengi hawakuridhika, na ni haki kueleza kwa nini, maana kutoridhika kwao kulikuwa na akili. Nchi ilikuwa na shule za aina tatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mafundisho ya watoto wa Kizungu yalielekea mitihani ya Uingereza, na mtihani ndio uliofungua mlango wa cheo na mshahara. Mzazi wa Kiafrika aliposikia kwamba mtoto wake atafundishwa "elimu iliyopatana na mazingira yake," aliuliza swali moja tu: Je, mazingira hayo ni jembe maisha yake yote? Akaona kwamba elimu ya bustani, hata ikiwa nzuri namna gani, ikipewa mtu mmoja na kunyimwa mwingine, hugeuka kuwa ua. Shule za kujitegemea za Wakikuyu zilizoenea katika miaka ya 1930 zilidai, pamoja na mambo mengine, Kiingereza mapema na masomo kamili ya kitabu, na chuo cha waalimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939, kilizaliwa katika kiu hiyo. Serikali ilizifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Kabete yenyewe iligeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha kuwafundisha maofisa wa serikali, na mahali pale pangali pana chuo cha serikali hata leo.

Kwa hiyo mwalimu wa sasa asishangae akiwapeleka watoto bustanini, na mzazi akaja kuuliza kwa sauti ya ukali kama wanafunzi wamekuwa vibarua. Swali hilo lina umri wa miaka mia moja.

MAJARIBIO YALIYOFUATA

Mwaka 1957 ilianza Nairobi, kwanza katika shule za Waasia, njia mpya ya kufundisha madarasa ya chini. Watoto walifundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, wakakaa kwa vikundi, na masomo yakaunganishwa kwa michezo, picha na vitu vya kushika. Matokeo ya kwanza yalipendeza sana. Wazazi waliitamani kwa sababu ya Kiingereza, na Tume ya Elimu ya Kenya iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, ambayo taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kutumika tangu mwanzo. Basi njia ile ikaenea upesi kuliko waalimu walivyoweza kufunzwa. Iliyokuwa na vitabu tele, vifaa tele na msimamizi wa kuitembelea kila mara huko mjini, ilifika mashambani ikiwa na mwalimu mmoja, ubao mmoja na watoto wengi, na ilipofika hali hiyo ilirudi kimya kimya kuwa kukariri, tena kukariri kwa lugha ambayo watoto hawakuielewa.

Jirani zetu walipata la kwao. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule ya Tanzania iwe pia na shamba au karakana, na kazi ya mikono ishikamane na masomo ya darasani. Maneno yake yalikuwa wazi kabisa kwamba shamba liwe mahali pa kujifunza. Katika shule nyingi lakini shamba lilibaki shamba na darasa likabaki darasa: watoto walilima asubuhi, wakanawa mikono, wakaingia ndani kusoma kitu ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na walichokilima. Hesabu za mapato zilikaa ofisini. Mwalimu aliyeshika fimbo shambani hakushika chaki.

Mwezi wa Agosti 1968 wajumbe kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa kuzungumza juu ya kuunganisha historia, jiografia na uraia kuwa somo moja la maarifa ya jamii. Kenya ilipoingia mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, masomo hayo yaliwekwa pamoja katika shule za msingi, na kilimo, sayansi kimu, ufundi, sanaa na muziki vikapewa nafasi. Wazazi walijenga karakana kwa michango yao. Kisha malalamiko yakazidi kwamba mzigo ni mkubwa mno, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 karatasi za mtihani wa darasa la nane zikapunguzwa hadi tano. Muziki na sanaa, vilipoacha kutahiniwa, viliacha kufundishwa katika shule nyingi, ingawa ratiba iliyobandikwa ukutani iliendelea kuvitaja. Mkaguzi akija alionyeshwa ratiba.

MWALIMU MMOJA, SAYANSI TATU

Mfumo wa sasa wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 na kuingia madarasa ya kwanza mwaka 2019, umelirudisha jambo hili kwa nguvu. Januari 2023 watoto wa kwanza waliingia darasa la saba la shule ya sekondari msingi. Humo fizikia, kemia na baiolojia zimekuwa somo moja, sayansi jumuishi. Mwaka huo huo jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilishauri masomo yapunguzwe, nayo yakawa tisa. Masomo ya biashara na kompyuta, kwa mfano, yakatiwa ndani ya mafundisho ya awali ya ufundi.

Katika hilo kuna tatizo ambalo halizungumzwi kwa uwazi unaostahili. Mwalimu wa sekondari katika Kenya kwa kawaida husomea kufundisha masomo mawili. Yuko aliyesomea baiolojia na kilimo. Yuko aliyesomea hesabu na fizikia. Yuko aliyesomea kemia na jiografia. Shule ndogo ya mashambani ikiwa na mwalimu mmoja tu wa sayansi, somo jumuishi linapata sura yake. Akiwa ni wa baiolojia, habari ya chembe hai na mimea itafundishwa kwa ufundi na furaha, na habari ya umeme itasomwa kitabuni kwa haraka, wiki ya mwisho ya muhula. Akiwa ni wa fizikia, mambo hupinduka. Mtoto hajui kwamba amepungukiwa. Atajua baadaye, akiingia darasa la kumi, ambako somo hilo hutengana tena kuwa matatu, na mlango wa udaktari au uhandisi unaanza kufunguka au kufungwa. Kundi la kwanza lilifika hapo Januari 2026.

Tena shule hizi ziliwekwa katika viwanja vya shule za msingi, ambazo nyingi hazikuwa na maabara. Sayansi jumuishi bila maabara inaweza kufundishwa vizuri kwa kiasi fulani, kwa limau, majivu, mishumaa, sumaku ya redio iliyoharibika na bustani. Mwalimu hodari hufanya mengi kwa vitu hivyo. Lakini kuna mpaka, na si haki kumlaumu mwalimu kwa kutouvuka.

Hapa ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuunganisha masomo ni waalimu wawili au watatu, kila mmoja akilijua somo lake barabara, kukubaliana kuyafikisha masomo yao mahali pamoja. Kumpa mwalimu mmoja masomo matatu kwa sababu wenziwe hawakuajiriwa ni upungufu wa waalimu uliopewa jina zuri. Jambo la kwanza linahitaji watu wengi zaidi na muda mwingi zaidi, si wachache.

YASIYOUNGANIKA

Kuna mambo pia yasiyofaa kuunganishwa, na wapenzi wa njia hii hawapendi kuyataja. Mtoto hajifunzi kugawanya kwa kupita njiani kuelekea mahindini. Mfano ule wa mashimo 1,320 ulifaa kwa sababu watoto walikwisha kujua kugawanya na kuzidisha desimali. Wasingalijua, shamba lingewachanganya tu. Kusoma kwa ufasaha, majedwali ya kuzidisha, ngeli za Kiswahili kizuri, hati nzuri ya mkono: haya yanataka mazoezi ya kila siku, kwa utaratibu wake, katika wakati wake. Mwalimu wa hesabu anayelalamika kwamba mpango wake wa mwaka unavunjwa ili mahindi yapimwe, ana hoja, kwa kuwa hesabu hujengwa tofali juu ya tofali na mvua hainyeshi kwa kufuata mpango wa hesabu.

Tena uko muungano wa bandia. Watoto wakiambiwa wachore shamba kwa rangi ili ionekane kwamba sanaa nayo imeingia, au waandike insha isemayo "Mimi ni mbegu ya hindi," wakati hakuna aliyehitaji mchoro wala insha, wanajua mara moja kwamba wanachezewa. Lakini wakihitaji kweli ramani ya vipimo ili kumwonyesha fundi mahali tangi litakapokaa, au barua ya Kiswahili safi kwa kamati ya shule kuomba mabati, kuchora na kuandika kunapata uzito, na makosa ya lugha yanakuwa aibu ya wote.

Lugha yenyewe ni taabu ya pekee. Mtoto aliyejifunza habari ya eneo na ujazo kwa Kiingereza mara nyingi hawezi kuzungumza na mama yake juu ya jambo lile lile. Nyumbani mahindi hupimwa kwa gorogoro na debe, shuleni kwa kilo. Gorogoro huhesabiwa kuwa kilo mbili, hivyo gunia la kilo 90 ni gorogoro 45. Mtoto anayeweza kuvuka kutoka kipimo kimoja hadi kingine atamsaidia mama yake sokoni wiki hiyo hiyo, na mlanguzi mwenye kopo lililobonyezwa chini hatampenda. Kwa njia hiyo mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hesabu wana kazi ya pamoja, wala si kila siku wanaijua.

Na gharama je? Mwaka 2021 wazazi wengi walilalamika hadharani kwamba mafundisho mapya yaliwataka wanunue karatasi za rangi, gundi na kupiga chapa picha mijini, na kwamba kazi za watoto zilifanywa usiku na wazazi wenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli. Ni ajabu kidogo kwamba njia ambayo nia yake ni kutumia kilichopo kijijini iliwatuma watu madukani. Gunzi, kamba, kopo na udongo havina bei.

NUSU SAA YA IJUMAA

Shule zinazofanikiwa katika jambo hili si lazima ziwe tajiri. Zinachofanana ni kwamba waalimu wake huzungumza pamoja. Mwalimu mkuu akitenga nusu saa ya Ijumaa mwanzoni mwa muhula, kila mwalimu akaleta orodha ya mambo atakayofundisha, wakazilaza orodha hizo mezani pamoja, wataona wenyewe kwamba mwalimu wa jiografia amepanga habari ya mvua mwezi wa pili, na mwalimu wa hesabu amepanga michoro ya takwimu mwezi wa sita. Kuisogeza moja ikutane na nyingine hakuhitaji fedha wala kibali. Jambo moja kwa muhula linatosha kabisa. Muhula wa mvua za masika, mvua. Muhula wa mavuno, kupima na kuuza. Masomo mengine yaendelee katika nafasi zake kama kawaida, na mitihani ije kama ijavyo.

Wazazi waambiwe mapema, kabla mtoto hajarudi na matope miguuni. Kamati ya shule ikionyeshwa daftari lenye vipimo vya mvua, mashina yaliyoota na hesabu ya mapato na matumizi, kila senti ikiwa mahali pake, ule ukali wa zamani hupungua. Mazao yakiliwa na watoto mchana, hupungua zaidi. Yakienda nyumbani kwa mwalimu, basi.

Linabaki jambo la uhamisho. Mara nyingi kazi hii hutegemea mwalimu mmoja mwenye moyo, naye akihamishwa, kopo la mvua hujaa majani makavu na mtu hulitupa. Dawa yake si ngumu: daftari la mvua liwe mali ya shule, likae katika kabati la mwalimu mkuu pamoja na daftari la mahudhurio, na watoto wa darasa moja wawafundishe wa darasa linalofuata kulijaza kabla hawajapanda. Daftari la namna hiyo likifika mwaka wa kumi, litakuwa na tarehe ambayo masika yalianza kila mwaka katika kijiji hicho hasa, si katika mji wa mbali ambako kituo cha hali ya hewa kipo, na mkulima anayetaka kujua kama apande wiki hii au asubiri atakuwa na sababu ya kwenda shuleni kuuliza.